Maji Yametoka Uani, Bado Yamo Ukutani

Chumba kilikuwa kimepakwa rangi wiki hiyo hiyo. Nilikuwa nimekwenda Nyamasaria, mtaa wa Kisumu, kumwona binamu yangu, ambaye mwaka huo alihamishwa na maji mara mbili. Alipofungua mlango nikapokewa na harufu mbili zinazogombana: ya rangi mpya na ya godoro bichi. Sehemu ya chini ya ukuta, ule mkanda wa rangi ya mafuta unaopendwa na wenye nyumba wa Kisumu kwa kuwa mtoto akiuchafua unapanguswa kwa kitambaa, ulikuwa umeshavimba malengelenge. Nililibonyeza moja kwa kidole. Likatema maji.

"Mwenye nyumba amesema amekarabati," binamu yangu akaniambia. Kodi ya mwezi ilikuwa imeshakwenda.

Sisi watu wa kandokando ya ziwa na mito tunajua kuhesabu mafuriko kwa njia zote isipokuwa moja. Tunajua maji yaliingia usiku gani, yalifika wapi kwenye mlango, ni kuku wangapi walikwenda, ni familia ngapi zililala shuleni. Barabara ikipitika na bodaboda zikirudi stendi, tunasema yamekwisha. Sijawahi kusikia mkutano wa chifu ambapo mtu alisimama akauliza kuta zitakauka lini. Na hapo ndipo ninapotaka kubishana na wengi, wakiwemo wenye nyumba, kaunti na hata sisi wenyewe tunaorudi mbio: kukausha nyumba ni kazi kamili, yenye muda wake na gharama zake. Kwa kuwa hatuitengei muda wala pesa, tunailipa baadaye kwa bei mbaya zaidi, na anayelipa mara nyingi si yule aliyefanya haraka.

Tuanze na hesabu, maana hapa hesabu inasema kuliko maneno. Chukua chumba cha kawaida cha ploti, yaani cha nyumba za kupanga, mita tatu kwa tatu, kuta za matofali ya kuchoma zenye unene wa sentimita 15. Maji yamekaa humo kwa kimo cha mita moja kwa siku kadhaa. Tofali la kuchoma ni kinywaji hodari. Likiloweshwa linaweza kubeba maji ya zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito wake. Tukisema asilimia 10 tu, zile kuta nne zimehifadhi karibu lita 280. Hizo ni jerikeni 14 za lita 20, zimepangwa kimya ndani ya ukuta ambao kwa macho unaonekana umenyauka kidogo tu. Na unyevu hauishii pale maji yalipoishia. Hupanda kwenye vitundu vya tofali na plasta kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kandili, hivyo nyumba iliyofikwa na maji gotini utaikuta imelowa hadi kiunoni.

Jerikeni hizo zitatoka vipi? Kwa kubebwa na hewa, hakuna njia nyingine. Hewa yote ya chumba hicho, kwa joto la nyuzi 25, ikishiba kabisa hubeba kama nusu lita ya maji. Lakini hewa inayoingia kutoka nje haiji mikono mitupu. Mara nyingi tayari ina nusu ya mzigo wake. Kwa hiyo kila hewa ya chumba inapobadilishwa yote, umetoa kama robo lita. Gawanya mwenyewe: hewa ibadilishwe zaidi ya mara 1,000. Sasa fikiria chumba chenye kidirisha kimoja kilichozibwa kwa gunia kwa sababu ya mbu, mlango umefungwa tangu saa moja asubuhi kwa kuwa mwenye chumba yuko Kibuye sokoni akitafuta riziki. Chumba hicho hakikauki. Kinatoa jasho na kulinywa tena.

Ndiyo maana saa za kufungua nyumba zina maana. Alfajiri ya Kisumu ni nzito. Umande uko kwenye mabati, na ukifungua madirisha saa hiyo unakaribisha unyevu ndani. Hewa inayofaa ni ya kuanzia katikati ya asubuhi jua likiwa limechoma, hadi pale upepo wa ziwa unapoanza kuleta mawingu ya jioni. Mlango ufunguliwe na dirisha la upande wa pili pia, ili upepo upite moja kwa moja. Feni ikiwepo ielekezwe sambamba na ukuta, isipulize katikati ya chumba. Vitanda na makabati yasogezwe mbali na ukuta, maana pale nyuma ya kabati ndipo ukungu huanza, tena haraka: siku moja au mbili zinatosha kwa kuvu kuota kwenye kitu kilicholowa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na ukungu wa majumbani mwaka 2009, likiuhusisha na pumu na maradhi mengine ya kifua. Mama anayempeleka mtoto kliniki kila wiki mbili kwa kikohozi kisichoisha aangalie pia nyuma ya kitanda.

Huko Ulaya na Marekani mafundi wa kazi hii huja na mashine za kunyonya unyevu. Inavyofanya kazi ni sawa na chupa ya soda baridi inayotoka jasho mezani: hewa inapita kwenye chuma baridi, inaacha maji yake, inatoka kavu. Mashine hiyo hutaka chumba kifungwe, kinyume kabisa na upepo wa dirishani. Ukiiwasha madirisha yakiwa wazi unajaribu kukausha Winam Gulf nzima, ile ghuba yetu ya Ziwa Victoria. Na hata wenye mashine hizo, kukausha nyumba ya matofali kwao ni suala la wiki, mara nyingine miezi. Sisi tusio nazo tunampa fundi wa rangi siku tatu.

Nirudi kwenye ule mkanda wa rangi ya mafuta, kwa sababu kwangu ndiye mtuhumiwa mkuu. Umejaa Nyalenda, Manyatta, Obunga, umejaa kwenye madarasa na zahanati zetu. Ni rangi nzuri kwa kuosha, na ubaya wake unatokana na uzuri huo huo: hairuhusu maji kupita, iwe kuingia au kutoka. Ukuta ukinywa maji kupitia sakafuni na upande wa nje, upande wa ndani umefungwa kama jagi. Maji yanatafuta njia, yanapanda juu ya mkanda, yanasukuma rangi, yanaleta chumvi nyeupe kama unga. Mwenye nyumba anaona doa, anaongeza koti la pili. Ningekuwa na mamlaka ya kutoa amri moja tu baada ya mafuriko, ingekuwa hii: kwangua rangi ya mafuta kabla ya kitu kingine chochote. Na baada ya ukuta kukauka, pakeni chokaa. Inachomwa Koru, hapo hapo ndani ya kaunti ya Kisumu, ni rahisi, inaacha ukuta upumue, na ukali wake hauupendezi ukungu. Najua haing'ai. Najua inaacha weupe kwenye shati ukiegemea. Bado naichagua.

Plasta ya simiti juu ya nyumba ya udongo ni kisa kingine cha namna hiyo hiyo, na huku Kano na Budalang'i ndicho kisa cha watu wengi. Kwa miaka mingi nyumba ilikuwa ya fito na udongo, imekandikwa, imesiribwa kwa samadi ya ng'ombe. Mto ukija, udongo wa chini unamong'onyoka. Mto ukienda, watu wanaacha fito zipigwe na upepo, kisha wanakandika upya. Ilikuwa nyumba inayokubali kuugua na kupona. Kisha mtoto wa mjini akatuma pesa, ukuta ule ule wa udongo ukavishwa koti la simiti ili uonekane wa kudumu. Nawaelewa, hata mimi ningetaka mama yangu akae kwenye nyumba isiyomwaga vumbi. Lakini maji ya mto Nyando yakiingia, yanapitia chini na kwenye nyufa, yanaufikia udongo ulio nyuma ya simiti, na sasa udongo huo hauna pa kupumulia. Nje ukuta ni mgumu, unaugonga kwa ngumi unasikika. Ndani umegeuka uji. Shangazi yangu wa upande wa Ahero ana ukuta ulioanguka majuma kadhaa baada ya mafuriko kwisha, siku ya jua kali, hakuna hata tone la mvua. Majirani walizungumza mambo ya kurogwa. Fundi aliyekuja alichukua kipande cha ukuta, akakivunja kwa vidole viwili na kumwonyesha: "Mama, huu haujawahi kukauka."

Sakafu ndiyo inayodanganya zaidi. Simiti iliyosuguliwa vizuri hukauka usoni kwa saa chache, na mtu anatandika kapeti ya plastiki siku hiyo hiyo. Wajenzi wana kanuni ya zamani kwamba zege jipya hukauka kama milimita 25 kwa mwezi, hali ikiwa nzuri. Zege la zamani lililolowa halifuati hesabu hiyo sawasawa, lakini kanuni inakupa kipimo cha kufikiria: sakafu ya milimita 100 ni jambo la majuma na miezi. Na nyumba nyingi za ploti hazina ile karatasi nzito ya plastiki ambayo fundi anapaswa kuitandaza juu ya kifusi kabla ya kumwaga zege. Ilikuwa kwenye orodha ya vifaa, ilirukwa. Bila hiyo, sakafu inakunywa kutoka ardhini hata bila mafuriko. Tena ardhi yenyewe ya uwanda wa Kano ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kiasi cha mkono kuingia kwenye ufa wakati wa kiangazi. Sakafu iliyopona maji inaweza kupasuka baadaye kwa sababu udongo chini yake umenywea. Anayeziba ufa huo mapema ataurudia.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji mashine wala shahada. Kata kipande cha plastiki safi cha wajenzi, cha sentimita 45 kwa 45 (usitafute mfuko wa dukani, ile ilipigwa marufuku 2017). Kibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne, pasiwe na upenyo. Kiache angalau saa 16. Kwa lugha ya kawaida, kuanzia jioni hadi mchana wa kesho. Ukikuta matone chini yake au simiti imekuwa nyeusi, sakafu bado inatoa maji. Usiweke kapeti, usiweke taili. Pima tena wiki ijayo. Nimewaonyesha watu kadhaa jambo hili na kila mara huwa kuna mshangao ule ule, kama wa mtu aliyeonyeshwa mfuko wa siri kwenye koti lake mwenyewe.

Kitu usichopaswa kukaushia nyumba ni jiko la makaa. Ninaandika hili kwa herufi za kawaida lakini lisomwe kwa sauti. Watu hufunga mlango, wanaweka jiko katikati, wanasema joto litafukuza unyevu. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu, na humkuta mtu usingizini. Jenereta pia ikae nje, mbali na dirisha. Na soketi zilizofikwa na maji zisiguswe hadi fundi wa stima aje, hata kama taa ya dari inawaka.

Kabla ya hayo yote kuna kuosha. Maji yaliyoingia Nyalenda hayakutoka mbinguni moja kwa moja. Yalipitia vyoo vya shimo vya majirani. Matope yakikaukia ukutani, yote yaliyomo yatakaukia hapo hapo. Yaondolewe yangali mabichi, ukuta usuguliwe kwa maji safi na sabuni, kisha dawa ya klorini, ndipo saa ya kukausha ianze kuhesabiwa. Inaonekana kama wazimu kulowesha ukuta uliokwisha kulowa. Lita chache hizo ni bei ndogo.

Nakuru ni habari tofauti kidogo, na nadhani tunakosea tunapoziweka hizi mbili kwenye kapu moja. Mto hupita. Ziwa linakaa. Ziwa Nakuru halina pa kutokea. Tangu karibu 2010 limetanuka kutoka takriban kilomita mraba 40 hadi zaidi ya 60, likameza lango kuu la zamani la mbuga na kusogelea watu wa Mwariki na Barut. Kihoto kule Naivasha, wenyeji wameingia ndani ya nyumba zao kwa mashua. Hata Ziwa Victoria lina tabia hiyo: lilipanda zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964, na Mei 2020 likafikia na kupita alama ile ya 1964, ndiyo sababu Dunga na Usoma waliona maji yasiyokuja na mvua. Ziwa likiwa limepanda, maji ya ardhini nayo yako juu, na kukausha sakafu ni kuteka kwa ungo. Hapo ushauri wangu ni mgumu: usimalize akiba yako kukarabati hadi maji yashuke na yakae chini msimu mzima wa mvua.

Tena maji ya Ziwa Nakuru ni ya magadi. Jiwe la kuchonga la Bonde la Ufa, lile la majivu ya volkeno, lina vitundu vingi, na magadi yakishaingia humo hayatoki pamoja na maji. Maji yanapokauka chumvi inabaki, inaganda chini ya plasta na kuibandua vipande vipande. Mbaya zaidi, chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani, hivyo ukuta unaweza kuonekana umelowa kila asubuhi ya baridi ingawa hakuna maji yanayouingia tena. Plasta ya namna hiyo hung'olewa yote na kutupwa. Nimemwona mtu akiipaka rangi mara nne.

Sasa, nani alipie muda? Hapa ndipo lawama zinapoanza kurushwa. Mwaka 2024, muhula wa pili wa shule uliotakiwa kuanza Aprili 29 ulisogezwa mara mbili, shule zikafunguliwa Mei 13. Uamuzi wa kusogeza ulikuwa sahihi. Lakini familia zilizokuwa zimejihifadhi madarasani zilipaswa kutoka, na nyumba walizorudia hazikuwa zimekauka kwa sababu tu kalenda ya shule ilihitaji madarasa. Msaada uliofika mara nyingi ulikuwa unga, blanketi, vyandarua; vyote vinahitajika. Sijaona aliyeleta brashi za chuma za kukwangulia, chokaa, au nauli na kodi ya mwezi mmoja kwa jamaa atakayekupokea nyumba yako ikipumua. Turubai lingeweza kukaa majuma manne zaidi. Tunalikunja mapema mno.

Mwenye nyumba atanijibu kwamba yeye naye ana mkopo wa sacco, na chumba kitupu hakilipi. Ni kweli, na simwiti mwizi. Lakini anayepangisha chumba chenye lita mia mbili za maji ukutani anauza kitu chenye kasoro anayoijua. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inamruhusu afisa wa afya kuchukua hatua dhidi ya nyumba inayodhuru afya. Jedwali la Nne la Katiba linaweka usimamizi wa majanga mikononi mwa kaunti pia. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni afisa mwenye kifaa. Kipima unyevu cha pini mbili ni kitu cha ukubwa wa rimoti ya televisheni. Unakidunga ukutani kinakupa namba. Maafisa wa afya ya umma tayari huingia nyumba kwa nyumba kipindupindu kinapozuka. Wapewe vifaa hivyo, vichache tu kwa kila wadi, na namba itakayosomwa iwe msingi wa mazungumzo ya kodi: nusu kodi hadi ukuta ukauke, na mwenye nyumba akwangue rangi kwa gharama yake. Bila namba, mazungumzo hayo ni mpangaji akisema pabichi na mwenye nyumba akisema ni baridi ya asubuhi.

Wapo watakaosema nawapangia maskini anasa, kwamba mtu aliyepoteza kila kitu hana nafasi ya kungoja ukuta. Hoja hiyo nimeisikia kwa binamu yangu mwenyewe, na sikuwa na jibu la kumtosha siku ile. Angekwenda wapi? Tulichofanya ni kidogo. Tulikwangua malengelenge kwa kisu cha jikoni upande mmoja, tukasogeza kitanda hadi katikati ya chumba, tukaondoa gunia dirishani na kuweka wavu, na tukabandika ile plastiki sehemu mbili sakafuni. Asubuhi, plastiki zote mbili zilikuwa na matone kama kifuniko cha sufuria ya wali.

Nilimpigia simu wiki ya sita. Plastiki ya dirishani ilikuwa imeamka kavu. Ya upande wa kitanda bado.